Msuli wa Tyubu

Msuli ulipasuka Najma akiwa kwenye safu ya mwisho ya kichwa cha mke wa mwenye mashine ya kusaga. Haukupasuka kwa heshima. Ulitoa mlio wa tairi la baiskeli, mkono wa kulia ukaporomoka, na vidole vilivyokuwa vimeshika rasta vikashuka nayo. Yule mama aliruka kitini huku ameshika utosi, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani kwamba amekuja kusukwa, hakuja kunyonyolewa. Wanawake waliokuwa kwenye benchi wakisubiri zamu zao walicheka mpaka mmoja akajishika mbavu.

Najma hakucheka. Alisimama pale mkono umening'inia, upepo unamalizikia kutoka, na hasira zikimpanda kutoka miguuni. Ilikuwa mara ya tatu mkono kumporomoka mwezi ule.

Mkono huo ulipooza kabla hajajua kutambaa. Bega lilibaki zima, na vidole vilibaki vizima, tena vidole vya kusuka hasa. Kilichokufa ni ule msuli wa kukunja kiwiko. Basi tangu usichana wake Najma alikuwa akisuka watoto tu, kwa sababu mtoto unamlaza kichwa mapajani na mkono hauna haja ya kupanda. Wanawake wazima walikwenda kwa wengine. Halafu serikali ikaruhusu biashara huria, nywele za bandia zikaingia nchini kwa makasha, Manzese na Mabibo zote zikataka rasta, na zikaanza saluni za viti na vioo ambako hakuna mtu mwenye akili zake anayelala mapajani mwa mtu. Najma alikuwa na vidole vya kumfuta kazi msusi yeyote wa barabara ile, na mkono wa kumwacha nyumbani. Ukitaka kuzielewa hasira zake, anzia hapo.

Msuli wenyewe aliutengeneza Gozbert, fundi pancha wa Manzese, Mhaya mmoja mrefu asiyependa maneno. Zamani alikuwa kwenye kiwanda cha umma kilichokuwa kikitengeneza mipira ya maji na ya mashine, mpaka kiwanda kilipofungwa na wafanyakazi wakarudishwa makwao. Huko kiwandani aliona kwamba mpira laini ukiuvika soksi ya nyuzi za kusuka kisha ukaujaza upepo, haurefuki; unanenepa na kujifupisha, na ukijifupisha unavuta. Akachukua kipande cha tyubu ya baiskeli, akakivika soksi ya nailoni, akafunga ncha kwa waya. Ncha moja ilikaa kwenye mkanda wa begani, nyingine kwenye mkanda karibu na kifundo cha mkono. Najma alikanyaga pampu ya mguu mara chache, tyubu ikavimba, na kiwiko kikakunjika kwa mara ya kwanza tangu awe na akili ya kukumbuka. Akitaka kuushusha mkono, alifungua valvu kwa mkono wa kushoto.

Alilia siku ile, na hakuona haya. Sasa alikuwa tena karibu na kulia, ila kwa jambo jingine.

Avelina, mwenye saluni, alimaliza mwenyewe kichwa cha yule mama, akamsindikiza mpaka mlangoni kwa maneno matamu. Kisha akamvuta Najma nyuma ya pazia.

"Najma mdogo wangu, vidole vyako sijaviona kwa mtu mwingine. Lakini mie nina jina la kulinda hapa. Alhamisi ijayo anakuja Nusaiba, yule bibi harusi, na shangazi zake wote. Nitakupa kichwa chake. Mkono ukikaa mpaka mwisho, kile kiti cha dirishani ni chako moja kwa moja. Ukiporomoka mbele ya wale watu, usirudi. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, dada."

Alitoka akiwa ameukamata msuli uliopasuka kama mtu aliyekamata panya kwa mkia. Hakupita nyumbani. Alikwenda moja kwa moja hadi kibandani kwa Gozbert, kando ya Barabara ya Morogoro, akamkuta ameinama juu ya gurudumu, wateja wawili wenye baiskeli wamekaa kwenye matairi na muuza kahawa ameweka birika lake kivulini.

"Gozbert, umenifunga uozo mwilini," alisema, na kila mtu akageuka.

"Karibu, Najma. Hebu niuone."

"Uone nini ambacho hukijui? Umeokota tyubu zilizokufa, ukaona huyu kilema hana pa kwenda, atafunga chochote. Leo nimemnyonyoa mtu nywele saluni. Nimechekwa."

Gozbert aliuchukua msuli, akavua soksi, akaibonyeza tyubu kwa kidole gumba. Ilikuwa imevimba na kulegea, inateleza, na upande mmoja ilikuwa na nyufa ndogondogo kama kisigino cha mtu anayetembea peku. Aliinusa. Uso wake ukabadilika.

"Huu umepakwa mafuta."

"Na nani?"

"Nakuuliza wewe. Mpira ukinywa mafuta unavimba hivi, unakosa nguvu. Halafu umeanikwa. Jua ndilo limepasua huku. Mafuta na jua, vyote viwili nilivikataza."

"Mie sijaupaka mafuta hata tone moja. Na hukunikataza kitu."

"Nilimwambia mama yako, siku niliyouleta."

Hapo ndipo Najma aliposhindwa kujizuia. Kumsema yeye ni jambo moja. Kumtia mama yake mdomoni mbele ya wauza kahawa ni jambo jingine kabisa. Alimchambua Gozbert kama karanga. Alimwambia ni mwongo, ni mzembe, anajificha nyuma ya kanga ya mwanamke mzee. Alipoona bado ana pumzi, akaongeza la mwisho, ambalo hakuwa amepanga kulisema: "Ndiyo maana kiwanda chenu kikafa. Kilikuwa na watu kama wewe."

Wale wateja wawili wakatazama chini. Gozbert aliukunja msuli taratibu, akamrudishia.

"Usije tena hapa," alisema, akainamia gurudumu lake.

Njiani Najma aliendelea kumtukana kimoyomoyo, lakini maneno yalikuwa yameanza kupungua ladha. Harufu ilimfuata. Aliunusa msuli mara moja, akajitia hamnazo. Aliunusa mara ya pili karibu na msikiti. Ilikuwa harufu aliyoijua kuliko harufu nyingine yoyote duniani, harufu ya mwili wake mwenyewe kila alipokandwa na mama yake baada ya chakula cha jioni tangu akiwa mtoto, na hakuna tui lililochemshwa na mtu mwingine linalonukia vile.

Alimkuta mama yake, Bi Hija, ameketi uani kwenye mkeka, miguu ameinyoosha. Mapajani alikuwa na msuli wa akiba, ule ambao Gozbert aliutengeneza ili Najma awe anabadilisha. Kando yake palikuwa na kibakuli cha mafuta ya nazi kilichopashwa moto, na alikuwa akiupaka kwa ncha za vidole, polepole, akishuka kutoka ncha ya begani hadi ya kifundoni, kama akandavyo mtu. Kwenye kamba ya nguo, mahali ambapo jua la alasiri lilikuwa bado linapiga, palikuwa na kibanio kinachosubiri.

"Mama, unafanya nini?"

"Naulainisha. Ulikuwa umekauka, mwanangu. Huupaka kila siku ukienda sokoni, halafu nauanika unywe vizuri."

"Kila siku?"

"Kila siku. Utauacha mwili wa mtu ukauke?"

Najma alikaa kwenye ukingo wa mkeka. "Gozbert alikwambia usiupake mafuta."

Bi Hija aliendelea kupaka. "Alisema. Alisema maneno mengi. Mafuta hapana, jua hapana, jasho la chumvi lisuuzwe kwa maji baridi. Nikamwitikia, maana ni mgeni nyumbani kwangu. Lakini mtu wa bara anajua nini habari ya mafuta ya nazi? Sie tunapaka ngoma, tunapaka milango, tunapaka maiti na watoto wachanga. Hakijaharibika kitu."

"Kimeharibika hiki. Umekiozesha kwa mikono yako. Mara tatu mkono umeniporomoka mbele za watu, mara tatu, na leo nimekwenda kumtukana mwanamume wa watu matusi ambayo sijui nitayafutaje. Na huo wa akiba ndio umeuua sasa hivi, na Alhamisi ndiyo siku yangu. Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Mambo ya mkono huo mie ndiye ninayeyajua."

"Mkono ni wangu."

Alisema kwa sauti ya juu, na jirani upande wa pili wa ukuta wa makuti akaacha kutwanga. Bi Hija aliutupa msuli kibakulini, mafuta yakarukia mkeka. Sasa naye alikuwa amekasirika, tena hasira ya mtu mzima ambaye hajawahi kuulizwa.

"Wako? Nani aliukanda wakati daktari amesema uache ulivyo? Nani alikubeba mpaka umekuwa mzito wa kunivunja mgongo? Miaka yote hiyo nimeukanda, haukunyanyuka hata inchi. Akaja mtu na kipande cha baiskeli, ukanyanyuka siku hiyohiyo. Siku hiyohiyo, Najma. Mie nilikaa hapo mlangoni nikatazama. Sasa na mie nisiwemo? Hata kuupaka mafuta nisiupake?"

Najma alikuwa na hasira, na hasira yake ilikuwa ya haki, na mbele yake alikaa mwanamke aliyeuharibu mpira kwa mapenzi yaleyale yaliyomlea. Hakuna kitu kinachochosha kama kumkasirikia mtu wa namna hiyo. Aliingia ndani akalala bila kula, na kwa siku zilizofuata mle ndani hawakusemeshana ila kuhusu chumvi na maji.

Asubuhi iliyofuata ugomvi ule alirudi kwa Gozbert. Alijua amefukuzwa, lakini hapakuwa na fundi mwingine wa misuli ya tyubu Dar es Salaam nzima. Gozbert alimwona akija, akajifanya anatafuta kitu ndani ya sanduku la vifaa.

"Nimekuja kukuomba radhi," alisema Najma, akiwa amesimama juani. "Mama aliupaka mafuta. Kila siku. Nilikutukana bila haki, na lile la kiwanda lilikuwa neno baya, nalifuta."

Gozbert akaguna tu.

"Lakini sijamaliza kugomba," aliendelea. "Nijibu swali moja. Nani anayefunga huu msuli? Nani anayekanyaga pampu? Masikio yangu yana kasoro gani? Kwa nini ulikaa na mama yangu ukamweleza mkono wangu, na mie nipo chumba cha pili nachambua kisamvu?"

Kwa mara ya kwanza Gozbert alimtazama. Alionekana ameshikwa na aibu, na aibu hiyo ilimpendeza Najma.

"Wewe ni binti wa watu," alisema. "Nikuweke pembeni nikufundishe vitu vya kuvaa mwilini, watu wangesemaje? Jambo la binti unaliweka kwa mzazi. Kwetu ndivyo, na kwenu nilidhani ndivyo."

"Ndivyo. Na ndivyo mlivyoniua. Mliuzungumza mkono wangu nyie wawili mkanywa na chai, mie nikaachiwa kuchekwa." Akafyonza. "Sasa nifundishe mie. Hapa hapa barabarani, watu wote waone, wapate na cha kusema."

Muuza kahawa akasogeza birika lake karibu, asije akapitwa.

Gozbert alinyoosha mkono kuchukua tyubu kwenye waya uliokuwa mbele ya kibanda, ambako alizitundika zing'ae na kuvutia wateja. Najma aliipokea, akaikunja katikati aone kama ina nyufa. Kwenye mkunjo zilitokea nyufa nyembamba.

"Hii imekaa juani tangu lini?"

"Hiyo? Muda kidogo."

"Na ndiyo ulitaka kunifunga?"

Gozbert aliitazama ile tyubu, kisha waya mzima, kisha akazitungua zote na kuzitupia ndani kwenye giza. Wateja walicheka. Alileta nyingine kutoka kwenye boksi chini ya meza, imepakwa poda, nyeusi isiyo na mng'ao wowote. Akamwonyesha namna ya kuivuta na kuiacha, kuona kama inarudi ilivyokuwa. Akamwambia asiiache imejaa upepo usiku kucha, kwa sababu mpira uliovutwa muda mrefu unachoka, na unachoka upesi zaidi kwenye joto. Asuuze jasho, aikaushe kivulini, aipake poda na aihifadhi kwenye kopo lenye mfuniko. Joto la hapa, alisema, na hii hewa yenu ya chumvi, inakula mpira taratibu hata ukifanya yote hayo. Utakuwa unabadilisha kila mara. Hakuna wa kudumu.

"Hilo nalo hukumwambia mama."

"Hilo sikumwambia mtu. Niliogopa mtavunjika moyo."

Damu ilimchemka Najma upya, lakini safari hii alijikaza, kwa sababu alikuwa anamhitaji. Soksi aliisuka mwenyewe, palepale juu ya tairi, mkono mbovu umelala pajani na vidole vikitembea. Alibana nyuzi kuliko Gozbert alivyokuwa akibana, na Gozbert alipotaka kumsahihisha, akamkata jicho. Gozbert akarudi kwenye gurudumu lake.

Alhamisi umeme ulikuwa umekatika, kama kawaida ya mwaka ule. Feni ilikufa, saluni ikawa tanuri, na Avelina, aliyekuwa na kichwa kingine cha kunyoosha kwa kitana cha moto, alileta jiko la mkaa akalitua karibu na kiti cha bibi harusi. Shangazi zake Nusaiba walijaza benchi. Najma alikuwa ameuvika msuli kipande cha kanga ili mafuta ya nywele yasiurukie, na alikuwa amekanyaga pampu, mkono umepanda.

"Dada Avelina, hilo jiko liondoke hapo."

"Ni la dakika mbili tu, mdogo wangu."

"Dakika mbili zinatosha kuniharibia. Liondoke, au sisuki."

Shangazi mmoja aliinua nyusi. Avelina alimtazama Najma, akaona uso usio na mchezo, akalibeba jiko lake mpaka uani akinung'unika. Najma akaendelea. Alisuka safu baada ya safu, na kila alipohisi mkono umeanza kushuka aliongeza upepo kidogo kwa mguu. Alipomaliza nusu aliushusha, akaupumzisha msuli, wakamsubiri. Hakuna aliyecheka. Nusaiba alisinzia kitini. Safu ya mwisho ilipofungwa, Najma alifungua valvu, mkono ukateremka polepole mpaka pembeni, na mashangazi wakaanza kupiga vigelegele kwa ajili ya bibi harusi wao.

Yeye hakuwa na furaha aliyoitegemea. Alikuwa na hasira tu, hasira safi kabisa. Mafuta hapana, jua hapana: lilikuwa jambo dogo kiasi hicho. Lingeweza kusemwa kwa pumzi moja, kwa mtu mmoja, siku ya kwanza.

Jioni ile Avelina alifika nyumbani kwa kina Najma, Manzese, na kitenge chake kizuri, akabisha hodi. Alifanya kama afanyavyo mtu mwenye adabu zake. Alimpita Najma aliyekuwa amesimama mlangoni, akaenda moja kwa moja uani alikokuwa Bi Hija akichagua mchele kwenye ungo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa."

"Nimekuja kwa ajili ya binti yako. Leo amenipa heshima kubwa, na mie nataka kumpa kiti pale saluni. Lakini lazima tukubaliane mie na wewe. Siku gani atapumzika, na huo mkono wake nani atauangalia, maana sitaki tena yale ya kuporomoka. Wewe ndiye unayeujua."

Najma alihisi maneno yakimjaa mdomoni, makali yote, ya kumpa Avelina na Gozbert na mama yake, na akapiga hatua moja kuingia uani ili ayatoe. Bi Hija alikuwa bado ameinamia ungo. Aliokota kokoto, akaitupa. Akaokota nyingine.

"Mie siujui," alisema, bila kuinua uso, na sauti yake ilikuwa bado na kinyongo cha wiki nzima. "Nilikuwa najifanya naujua. Mwenye mkono huyo hapo nyuma yako, ana masikio yake na mdomo wake, na mdomo wenyewe umeshausikia. Muulize yeye."

Avelina aligeuka kwenye mkeka. Maneno yote ambayo Najma alikuwa ameyaandaa hayakuwa tena na mtu wa kuambiwa. Alikuja akakaa chini kando ya ungo wa mama yake, akaanza kujibu.